Picha za Njiani, Shinyanga hadi Geita

Wapiga picha wengi wanaoelekea Geita huenda na picha moja kichwani, nayo si ya Geita. Ni ya Serra Pelada, Brazil, ambako mwaka 1986 Sebastião Salgado aliwapiga picha maelfu ya wachimbaji wakipanda ngazi na viroba vya udongo mgongoni. Picha zile ziliwezekana kwa sababu ya shimo lenyewe: lilikuwa wazi na pana, na aliyesimama ukingoni aliwaona watu wote kwa pamoja. Kwenye machimbo ya Geita, kama Nyarugusu au Rwamgasa, mambo ni mengine. Dhahabu imo ndani ya mwamba mgumu, na mchimbaji mdogo huufuata mkanda wa dhahabu kwenda chini, ndani ya duara, yaani shimo jembamba lililoshikiliwa na matimba. Juu unaona turubai, kamba na watu wachache wanaosubiri zamu. Anayetafuta umati pale atarudi mikono mitupu.

Maisha ya ukanda huu yanaonekana zaidi njiani, na huko ndiko ufundi unakohitajika. Chukua baiskeli za abiria za Shinyanga mjini, zile ambazo wenyeji huziita daladala. Ukipiga kwa shata ya sekunde 1/1000, baiskeli inaganda na utadhani imeegeshwa. Shusha hadi 1/30. Simama kando ya barabara, mfuate mwendeshaji kwa kamera tangu akiwa mbali, bonyeza anapopita mbele yako, na mikono iendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Maduka na miti ya nyuma hugeuka mistari, miguu inayokanyaga pedeli hupotea, lakini uso wa abiria wa nyuma unabaki unasomeka kwa sababu yeye ndiye aliyetulia kuliko vyote. Mama aliyeketi upande na kapu mapajani, mji mzima ukimkimbia nyuma yake: kwangu hiyo ndiyo Shinyanga. Picha nyingi zitaharibika kabla ya kupata moja, na asiye na subira hiyo aache.

Mwanga nao una hesabu yake. Tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, na mwanga laini wa asubuhi huwa umekwisha saa mbili. Tena jua la hapa hufika kileleni karibu saa saba kasorobo, si saa sita, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Bahari ya Hindi. Mchana huo mkali sikubali kwamba hakuna picha. Mweke mtu chini ya upenu wa duka, na udongo mweupe wa nje utamrudishia mwanga usoni kutokea chini. Usiiamini tu kamera: ikiona weupe ule nyuma ya mtu wako itapunguza mwanga, na uso mweusi utazama. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu.

Ndani ya basi hesabu inabadilika. Kwa kilomita 80 kwa saa, basi hukata mita 22 kila sekunde. Shata ya 1/125 ikifunguka na kufunga, limeshasogea sentimita 18 hivi, na hizo zinatosha kufuta sura ya aliyesimama kando ya lami. Kwa 1/1000 ni sentimita 2 tu. Ila hata hivyo dirishani unapata nchi, hupati watu. Watu hupatikana gari linaposimama.

Ndiyo maana gati za kivuko za Kigongo na Busisi zilikuwa muhimu mno. Hadi Juni 2025, aliyetoka Usagara kwenda Sengerema na Geita alilazimika kushuka garini na kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Foleni, kisha maji. Abiria alisimama kwenye kivuli cha lori, anga lote likimulika kutoka upande mmoja, hana pa kwenda wala cha kufanya, na mazungumzo yalianza yenyewe kabla ya kamera kuinuliwa. Wapiga picha wa Likoni, Mombasa, waliujua utajiri huo. Miaka ya 1990 vibanda vyao vya studio vilikuwa palepale kivukoni. Sasa kati ya Kigongo na Busisi kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linalovukwa kwa dakika chache. Nalifurahia kwa wagonjwa na wafanyabiashara waliokesha kwenye foleni ile, na picha za kivuko zilizopigwa kabla yake zitunzwe vizuri, kwa maana hazitapigwa tena.

Kusubiri kumehamia stendi ya Katoro, mkoani Geita, na kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambako wenye mawe hukaa siku nzima wakingoja zamu ya kusaga. Vumbi la huko ni la mwamba, ni baya kwa mapafu na kwa kamera vilevile: ziba pua, funika mwili wa kamera kwa mfuko wa nailoni, ingia na lenzi moja ya milimita 35 na usiibadilishe mpaka utoke. Ruhusa iombwe kabla, hasa mizani ikishatolewa, kwa kuwa anayepima dhahabu yake ana sababu za kweli za kutotaka sura yake isambae.