Juu ya Neno "Obdurate" na Tafsiri Yake

Wafasiri wetu wana desturi moja ambayo yafaa iangaliwe upya. Kila wakutapo katika Kiingereza sifa ya mtu asiyekubali kugeuzwa nia, huandika "mkaidi" wakapita. Mahali pa "obstinate" desturi hii haidhuru sana; lakini mahali pa "obdurate" hupotosha maana, na pamoja na maana hupotosha hukumu juu ya mtu.

Neno hili latokana na Kilatini "durus", yaani gumu. Shina hilohilo limo katika Biblia ya Kilatini, pale panaposimuliwa jinsi moyo wa Farao ulivyofanywa mgumu. Kwa hiyo "obdurate" ni sifa ya moyo, si ya kichwa. "Obstinate" ni yule ashikaye rai yake hata akionyeshwa kosa. "Obdurate" ni yule aonaye machozi ya mwenziwe, au aitwaye kutubu, asilainike. "Stubborn" ni pana zaidi: hata doa lisilotoka katika nguo huitwa hivyo.

Sasa tumtazame mkaidi. Methali yasema, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Huyo ni mtu aliyeonywa asisikie: mtoto mbele ya mzazi, mwanafunzi mbele ya mwalimu. Ukaidi hutazama juu. Ni kukataa amri au shauri la mkubwa. Bali "obdurate" mara nyingi hutazama chini: ana uwezo wa kusamehe, naye hasamehi.

Mfano bora umo katika mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Barazani, Antonio amsifu Shylock kwa neno hili. Shylock hapo hakuasi amri ya mtu. Ana hati mkononi, na anadai ratili ya nyama aliyoandikiwa. Tukimwita mkaidi, msomaji atamwona kama mtoto mtundu astahiliye kiboko, na kisa kitapungua uzito, maana shauri la baraza lile ni huruma, si utii. "Mwenye moyo mgumu" ndiyo tafsiri ifaayo.

Huenda wengine wakapendelea "sugu", jina la ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Lakini sugu hutaja mazoea, kama tusemapo mhalifu sugu. Na mtu aweza kuwa na moyo mgumu siku moja tu. "Shupavu" nalo, ingawa latokana na kushupaa, siku hizi ni sifa ya shujaa. Ni kweli kwamba hata "moyo mgumu" husemwa kwa kumsifu mstahimilivu. Lakini hapo maneno yanayozunguka hutosha kumwongoza msomaji.

Kamusi zinazopanga maneno haya kwa safu, bila kueleza nani amkatalia nani, humwachia mfasiri achague kwa kubahatisha. Akataaye kutii na akataaye kuhurumia hawana kosa moja. Na maadamu Kiswahili kina maneno mawili, si haki kuwahukumu kwa neno moja.