Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" linanikera. Anayelitumia anadhani anausifu muziki, kumbe anauzika. Kitenzi chenyewe kinasema: zilipendwa, basi, yamekwisha. Na sisi vijana tunaojifunza kuandika tumelipokea hivyo hivyo, tukaamini kwamba mwalimu wa riwaya anapatikana kwenye kitabu tu, na kwamba muziki wa wazee ni wa kunywea bia.

Mimi nabisha, na ninao ushahidi. Baba yangu mdogo amehamia mkoani na kuniachia kanda 61 kwa sharti moja: chumba chako kidogo, chambua, zinazofaa weka, nyingine toa. Mtu mwingine angezipanga kwa aina, dansi huku, taarabu kule. Mimi nimezipima kwa swali moja tu: je, mtunzi huyu anajua kusimulia?

Tuanze na dansi, maana ndiyo nyingi. Zamani nyimbo hizi zilitoka kwenye santuri ndogo, na kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, santuri zilichapwa Nairobi. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, ukageuza sahani ndipo uusikie mwisho wake. Kwenye kanda zilizonakiliwa kutoka santuri mkato huo bado unasikika: sauti inafifia, kimya kidogo, halafu bendi inarudi. Kwa kawaida maneno mazito yanakuwa upande wa kwanza, magitaa yanachukua nafasi upande wa pili. Kwa hiyo mtunzi alikuwa na dakika tatu au nne za kumtambulisha mhusika, kumtia matatani na kumfanya msikilizaji ageuze sahani. Sasa we jiulize, mwandishi mwenzangu: sura yako ya kwanza ina kurasa ngapi kabla jambo lolote halijatokea?

Mfano wa pili ni Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki 2010. Sikiliza "Kifo". Waandishi wengi wachanga tukitaka kuandika msiba tunamwaga machozi ukurasa mzima. Remmy hafanyi hivyo. Anamgeukia Kifo mwenyewe, anazungumza naye kama mtu aliyeketi mbele yake, na huzuni inageuka kuwa mashtaka. Ni uamuzi mdogo wa kiufundi, nani anaambiwa maneno haya, lakini umebeba wimbo wote.

Halafu "MV Mapenzi" ya Mlimani Park. Tazama jina tu. Herufi mbili za mbele ni za meli, kila mtu wa ziwani anazijua, na penzi limekwishapandishwa majini kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wimbo huo ulitoka kabla ya Mei 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria na kuua mamia ya watu. Anayeusikia leo anaisikia sitiari ileile kwa sikio lingine. Mtunzi hakubadilisha neno hata moja. Nchi ndiyo iliyobadilika. Hapo nimejifunza kwamba sitiari ikishatoka mkononi mwako haiko salama, na si vibaya.

Lakini tusidanganyane. Zipo kanda ambazo nimezitoa bila huruma. Katika nyimbo nyingi za dansi kosa ni la mwanamke: amependa pesa, ametoroka, amesikiliza maneno ya mashoga zake, mjini kumemharibu. Anashtakiwa, anabembelezwa, anaonywa, ila hapewi nafasi ya kujibu. Anaimbiwa, haimbi. Nilipozisikiliza ishirini mfululizo nikaona ni wimbo mmoja uliobadilishwa jina la msichana. Huo ni udhaifu wa utunzi, achilia mbali maadili. Kesi yenye upande mmoja haina mvutano, na hadithi isiyo na mvutano inalaza watu.

Jibu la huyo mwanamke nimelikuta kwenye fungu la taarabu. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay tangu 1928, na Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu kizima. Taarabu inajua kitu ambacho sisi vijana hatukijui: kusema bila kutaja. Fumbo zuri analivaa kila mwenye mwili wake. Jirani anadhani ameimbiwa yeye, na mke mwenza anadhani hivyohivyo. Mipasho ya miaka ya 1990, wakati TOT na Muungano wakitupiana vijembe, ilikuwa tamu siku zile. Ila mingi ilimlenga mpinzani mmoja, na ugomvi ulipopoa, msikilizaji wa leo anabaki nje ya mlango. Za namna hiyo nimebakiza mbili tu.

Bongo fleva nayo isidharauliwe. "Ndiyo Mzee" ya Profesa Jay, iliyo kwenye albamu yake ya 2001, ndiyo somo bora la kejeli ninalolijua. Mgombea anaahidi makubwa kupita kiasi, umati unaitikia, na msanii hatoi hukumu hata mara moja. Anakuachia ucheke, kisha ujione umo kwenye umati. Mwaka 2015 msanii huyohuyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akakaa hadi 2020. Huwezi kuusikia wimbo huo sasa bila kutabasamu, na bado haujachuja.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Kati ya kanda 61, karibu zote zina jina la bendi. Zenye jina la mtunzi ni nne. Nne, jamani! Tunajua Sikinde, tunajua Msondo, tunatambua gitaa kwa sekunde mbili, lakini aliyekaa usiku na kalamu akatafuta lile neno hatumjui. Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab majina yao yalipona kwa sababu waliimba wenyewe na walikuwa nyota. Wengine wamemezwa na bendi. Sheria mpya ya hakimiliki ilipopitishwa 1999, Mbaraka alikuwa na miaka 20 kaburini na Marijani minne.

Sisi tunaoota kuona majina yetu kwenye majalada tusilichukulie hili kama habari za wanamuziki. Tunanukuu misemo ya nyimbo hizi vijiweni na kwenye hadithi zetu, tunasema "wahenga walisema", kumbe aliyesema ni mtu mmoja, mwajiriwa wa bendi, aliyelipwa mshahara na kusahauliwa. Tukikubali hilo litokee kwake, tusilie litakapotupata.

Nimebakiza kanda 34. Nazipanga upya kwa jina la mtunzi, si la bendi, na pale jina linapokosekana naacha nafasi wazi na kwenda kuuliza. Wanamuziki wa zamani bado wapo, mafundi mitambo waliowarekodi bado wapo, wengine ni jirani zako hapo mtaani. Nenda na daftari. Muulize mzee: huu wimbo nani aliutunga? Akikujibu, andika, na andika kwa wino.