Sauti Moja, Umati Mzima

Novemba 2012, binti wa Auckland, New Zealand, aliweka nyimbo tano kwenye SoundCloud, yeyote azipakue bure. Jina lake ni Ella Yelich-O'Connor, lakini alijitambulisha kama Lorde, na ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 16. Nyimbo hizo alizirekodi na Joel Little, mtayarishaji aliyewahi kuimba katika bendi ya roki, kwenye studio ya Little iitwayo Golden Age. Mwaka uliofuata mmoja kati yake, "Royals", ulikaa wiki tisa kileleni mwa chati ya Billboard nchini Marekani. Tangu hapo The Love Club, albamu fupi iliyouzaa, husimuliwa kama hadithi ya bahati ya mtoto wa shule. Ukiisikiliza kwa makini utakuta mtunzi aliyejua mapema jambo moja kubwa: jinsi ya kuifanya sauti moja iwe umati.

Tuanze na "Royals". Mwendo wake ni wa taratibu, mapigo 85 hivi kwa dakika. Hakuna gitaa. Katika ubeti wa kwanza kuna ngoma nzito, vidole vinavyoalishwa, na msichana anayeimba chini chini, karibu na sauti ya mazungumzo. Wimbo unawakataa wenye kujionyesha kwa almasi na magari ya kifahari, na muziki wenyewe umevuliwa kila pambo. Msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba msichana huyu na wenzake ni watoto wa mtaa usio na fahari. Vyombo vyenyewe vimekwisha kumwambia.

Kisha linatokea jambo ambalo sikio hulipokea kabla akili haijalitambua. Kuelekea kibwagizo, sauti ya pili inajitokeza nyuma ya ile ya kwanza, ikifuatwa na nyingine, hadi kibwagizo kinapofika tunasikia kwaya. Maneno yake yanasemwa kwa niaba ya kundi la marafiki, kwa hiyo tunaamini kundi limefika. Kumbe waimbaji wote ni yeye mwenyewe, amejirekodi tabaka juu ya tabaka. Hapo ndipo ninapoona kipaji chake. Ujana ni umri wa kutamani kundi, na Lorde amelijenga kundi hilo kwa koo lake peke yake. Furaha ya kibwagizo na upweke wake vinatoka mahali pamoja.

Hata akodi zinashirikiana na wazo hilo. Kibwagizo kinashuka kutoka D kwenda C, kisha G, bila kuigusa A, akodi ambayo katika pop ya kawaida ndiyo husukuma wimbo urudi nyumbani kwa kishindo. Hapa unarudi D kwa utulivu, bila kupigiwa tarumbeta. Wimbo unaosema hatutaki kiti cha enzi umekataa pia mlango wa kuingilia kwa fahari.

Lakini kuna deni halijalipwa. Vitu vinavyokataliwa vingi vinatambulika kutoka hip-hop ya Wamarekani weusi, na wapo wahakiki wa Marekani waliolalamikia hilo mwaka 2013. Nakubaliana nao kwa sababu iliyomo ndani ya muziki wenyewe: ngoma nzito, besi ya chini na nafasi tupu katikati vimetoka kwenye hip-hop hiyo hiyo. Wimbo unaikosoa nyumba huku umeketi sebuleni mwake. Ungekuwa mkubwa zaidi kama ungelikiri hilo.

Nyimbo nyingine zinaonyesha kwamba mchezo wa sauti haukuwa ajali. Katika "Million Dollar Bills" sauti yake imekatwa vipande vipande na kurudiwarudiwa hadi ikawa chombo cha mdundo. "Biting Down" unarudia kauli moja juu ya ngoma mpaka maana inapukutika na kubaki mlio. "Bravado", wimbo wa mtu mwenye haya anayejilazimisha kuwa jasiri, unachelewesha ngoma. Sauti inasimama karibu peke yake kwanza, na ujasiri unaingia baadaye pamoja na mdundo.

Wimbo uliobeba jina la albamu ndio unaofunga hoja. "The Love Club" unahusu msichana aliyepokelewa katika kundi la marafiki wanaopendana kupita kiasi, kisha akaanza kukumbuka nyumbani. Muziki wake unachangamka na sauti za nyuma zinaitika kwa bashasha, wakati maneno yanatafuta njia ya kutoka. Waitikiaji ni yeye, na anayetaka kuondoka ni yeye. Ndiyo maana nauona kuwa wimbo wa ndani zaidi kuliko "Royals": ule unaliamini kundi, huu unajua gharama yake. Anayetaka kumpima Lorde kama mtunzi aanzie hapa.