Sifa za Mguu Uliopumzika

Aghalabu watu humsifu mkimbiaji akiwa katika upeo wa nguvu zake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini fundi hasa wa kazi hii hujulikana siku arudipo njiani baada ya jeraha, pumzi imempungua, nyama za miguu zimelegea, na nafsi, kwa ghururi yake, ikimdai mwendo ule ule aliouacha.

Katika nchi yetu hii ya kusini mwa Maniema, ilimu hiyo ya kurudi baada ya jeraha ina historia. Mwaka 1870 Daktari David Livingstone, msafiri aliyekwisha kulikanyaga bara hili miaka mingi, alitoka Bambarre, mji ambao leo twauita Kabambare, pamoja na wafuasi wake Susi, Chuma na Gardner, akiutafuta mto Lualaba. Njiani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, miguu ilimsaliti: madonda yenye kula nyama yaliishika yote miwili, akarejea Kabambare akichechemea tarehe 22 Julai, wala hakutoka kibandani mwake hata tarehe 10 Oktoba, yaani siku 80. Kila alipokanyaga chini, majimaji ya damu yalimtoka; na dawa iliyomfaa ilikuwa jiwe la kijani la madini ya shaba, likisuguliwa kwa maji juu ya jiwe jingine, kisha likapakwa kwa unyoya. Alipopona akangoja watu na bidhaa kutoka pwani, akaondoka Februari 1871, na mwishoni mwa Machi akawasili Nyangwe, akauona Lualaba kwa macho yake.

Daftari la safari yake lataja pia jambo limpasalo kila mkimbiaji kulitafakari: madonda yale yale yaliwashika watumwa waliopitishwa njia hizo, na vilio vyao vilikuwa miongoni mwa sauti za usiku katika kambi za misafara. Masikini hao hawakuwa na kibanda cha kujilaza wala siku 80 za kungoja ngozi ifunge. Kwa hiyo mapumziko ni neema, na ayadharauye huidharau neema waliyonyimwa wengine katika njia hizi hizi.

Na kuna sababu ya kimaumbile ya kuyaheshimu. Moyo na mapafu hurejewa na nguvu upesi, ilhali kano, kwa kuwa hupata damu kidogo, hukawia sana, na mfupa uliopata ufa nao hudai majuma yake. Basi pumzi humwambia mtu "nenda" wakati kano bado yasema "ngoja", na hapo ndipo wengi huumia mara ya pili. Fundi huanza kwa kutembea, kisha huchanganya dakika chache za kukimbia na nyingine za kutembea, na siku ya mbio huifuatisha siku ya kupumzika. Mwendo wake ni wa mtu awezaye kuzungumza na mwenziwe bila maneno kumkatika. Mvua ikiisha kunyesha, hugeuka kuzitazama nyayo zake katika udongo mbichi: alama ya mguu ulioumia ikiwa nyepesi kuliko ya wa pili, ajua kwamba bado anauhurumia bila kujijua, naye hupunguza safari pasipo kuona haya.

Nani atasema kwamba subira hiyo ni ya wanyonge? David Rudisha wa Kenya, aliyekimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna aliyeufikia kabla yake, aliyakosa mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 kwa sababu ya goti. Akarudi, akatwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015, na dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016.

Basi, ndugu uliyeumia, jilaze bila fedheha, na siku ya kurudi usishindane na mtu uliyekuwa kabla ya jeraha. Mwenda pole hajikwai.