Mwili Unaofundishwa na Mwili Unaopasuliwa: Uhakiki wa Usomaji wa Anatomia ya Yoga

Matini za yoga ya pumzi huuzungumzia mwili wa ndani kwa uhakika mkubwa. Hathapradipika, iliyotungwa na Svatmarama katika karne ya 15, inataja nadi 72,000, yaani njia zinazopitisha prana, pumzi ya uhai. Tatu ndizo kuu: ida upande wa kushoto, pingala upande wa kulia, na sushumna katikati, sambamba na uti wa mgongo. Swali la kihakiki ni iwapo maelezo hayo yanabainisha viungo vilivyomo mwilini, au yanamwelekeza mtendaji namna ya kuiongoza pumzi yake.

Wasomaji wawili walilijibu swali hili kwa namna zinazopingana. Dayananda Saraswati, mwasisi wa Arya Samaj, anasimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliopoa maiti mtoni, akaipasua na kuilinganisha na vitabu alivyokuwa navyo. Alipokosa kuziona chakra, alivichana vitabu hivyo na kuvitupa majini pamoja na maiti. Kwa upande wake, Vasant Rele, daktari wa Bombay, alidai katika The Mysterious Kundalini (1927) kwamba kundalini ni neva ya vagasi. Mmoja alikana na mwingine alithibitisha, lakini wote waliegemea dhana ileile: kwamba matini ni maelezo ya maumbile.

Dhana hiyo inadhoofishwa na matini zenyewe. Katika Hathapradipika, pumzi haipiti katika sushumna mpaka mazoezi yazisafishe nadi. Njia inayofunguliwa kwa tendo haiwezi kutafutwa katika mwili usiotenda. Aidha, idadi ya chakra haiwiani. Shatchakranirupana ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1919, inaeleza chakra sita na kituo cha utosini juu yake. Matini nyingine hutaja tisa. Kama hii ingekuwa anatomia, baadhi ya matini zingekuwa zimekosea. Zikisomwa kama hatua za kutafakari, tofauti hiyo si kasoro, kwa kuwa kila mapokeo hupanga hatua zake.

Suala hili linamgusa moja kwa moja mfasiri wa Kiswahili. Kisawe cha nadi kinachokuja kwa wepesi ni mshipa. Neno hilo lina upana wa kuvutia: kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na hata maradhi yaitwayo mshipa. Hata hivyo, linamvuta msomaji upande wa Rele, kwa kuwa anayesoma mshipa hutarajia kitu cha kushikika. Mkondo ni kisawe bora zaidi, kwani hutanguliza mwendo kabla ya umbo.

Kuyasoma maelezo hayo kama maelekezo, hata hivyo, si kuipa fiziolojia kisogo. Mwanafunzi anayeambiwa avute hewa hadi tumboni hupewa agizo lenye manufaa kwa maelezo yasiyo sahihi. Hewa huishia mapafuni. Tumbo huinuka kwa sababu kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na kusukuma viungo vilivyo chini yake. Kosa hilo halimdhuru. Hali ni tofauti kwa anayehema kwa kasi hadi kupata kizunguzungu, kisha akaambiwa kwamba kundalini inapanda. Kuhema kupita kiasi hupunguza hewa ukaa katika damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na mtu anaweza hata kuzimia. Hapo lugha ya maelekezo imegeuzwa utambuzi wa hali ya mwili, na mwanafunzi ananyimwa onyo alilostahili.

Swami Kuvalayananda, aliyeanzisha Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924, alitumia eksirei kuuchunguza mwili ukiwa katika zoezi. Ubora wa njia hiyo ni kwamba inapima tendo na athari yake, jambo ambalo kisu cha Dayananda hakikuweza. Mpaka wake ni kwamba picha haioneshi maana ya sushumna kwa anayetafakari. Hivyo basi, mwalimu na mfasiri wanawajibika kubainisha, katika kila sentensi, iwapo wanatoa agizo au wanaeleza kiungo. Pale mawili hayo yanapochanganywa, anayelipa gharama ni mwanafunzi anayeshikilia pumzi.