Makala ya Programu: Jinsi ya Kuijua Iliyoandikwa kwa Haki

Makala nzuri ya kamusi elezo kuhusu programu ya kompyuta haina mbwembwe. Inasema programu inafanya kazi gani, nani aliitengeneza, ilitoka mwaka gani na ina leseni ipi. Kisha inaeleza watu wasio na masilahi nayo wameionaje. Ukitaka kuipima, kwenye Wikipedia au kwingineko, beba swali moja: haya ni maneno ya nani?

Anza na vivumishi. Ukikuta "bora", "ya kisasa" au "inayoongoza" katika aya ya kwanza, jua unasoma tangazo. Vifute vyote, usome tena. Zikibaki habari, makala inatengenezeka. Likibaki jina la kampuni na anwani ya tovuti yake, makala hiyo haikuwa na sababu ya kuandikwa.

Pima rejea, usizihesabu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tovuti ya mtengenezaji inatosha kuthibitisha namba ya toleo, tarehe ya kutolewa na leseni. Haitoshi kuthibitisha ubora, usalama wala umaarufu. Gazeti likichapisha taarifa ya kampuni bila kuigusa, anayesema bado ni kampuni. Fungua rejea tatu: ukikuta sentensi zilezile na msemaji yuleyule, una chanzo kimoja tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tangazo la mradi ni ushahidi kwamba programu ilitoka. Kama ilienea mashuleni au la, hilo linamtaka mtafiti au mwandishi aliyekwenda kuangalia.

Dai kubwa liwe na mwenyewe. Hapa ndipo fundi hujulikana. Chukua M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007. Mwandishi mvivu ataandika kwamba iliwaondoa Wakenya kwenye umaskini, aweke nukta. Mwandishi makini ataandika kwamba mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack, katika jarida la Science, walikadiria kuwa huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya; na kwamba mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake wawili waliyapinga matokeo hayo katika Review of African Political Economy. Msomaji anaachiwa kadirio, jina la aliyekadiria na jina la aliyepinga. Lakini kutoegemea upande si kugawa nusu kwa nusu. Kila hoja hupewa nafasi kwa kadiri ya uzito ilio nao katika vyanzo vya kuaminika, na lalamiko la mtumiaji mmoja mtandaoni halilingani na utafiti.

Tafuta miaka. Programu hubadilika haraka, na maneno "kwa sasa" huchacha upesi. Kampuni ya Oracle iliinunua kampuni ya Sun Microsystems, na programu ya ofisi ya OpenOffice ikiwamo, Januari 2010. Septemba mwaka huohuo sehemu ya wachangiaji ilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa wakfu wa Apache. Sentensi inayosema "OpenOffice ni ya Oracle" ilikuwa kweli kwa muda mfupi tu. Yenye mwaka haitaupotosha umma hata ikisomwa leo.

Mwisho, fungua historia ya ukurasa. Humo utaona nani aliongeza nini na lini. Akaunti ambayo haijagusa kitu kingine ila programu moja, tena kwa kusifu tu, ni ya kutiliwa shaka. Na inayokuja kuchafua tu ni hivyohivyo, kwa sababu washindani nao wana ngoma yao. Januari 2007 ilijulikana kwamba Microsoft ilikuwa imemwahidi malipo Rick Jelliffe, mtaalamu wa viwango wa Australia, ili arekebishe makala ya Wikipedia kuhusu muundo wa nyaraka wa kampuni hiyo, Open XML. Jelliffe aliliweka wazi jambo hilo mwenyewe, na mjadala mkali ukazuka. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikipedia yanamtaka kila anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa. Mwenye masilahi aliye muungwana hupeleka ombi lake kwenye ukurasa wa majadiliano, akawaachia wengine waamue.

Nawe unayetafsiri makala hizi kwa Kiswahili, usihamishe rejea ambayo hujaifungua. Ukiifungua ukakuta haisemi kilichodaiwa, iache, na dai lake uliache pia. Makala ya aya mbili zenye ushahidi ni bora kuliko kurasa kumi za sifa.