Wekundu Unaotangulia Mvua: Jinsi ya Kupiga Picha za Majani ya Miombo Mwaka Mzima

Picha nyingi za majani mekundu tunazoziona hutoka Marekani, Kanada na Japani, ambako miti hugeuka rangi majani yakikaribia kupukutika. Miombo yetu hufuata njia nyingine. Kuanzia Tabora na Katavi hadi Ruvuma, kisha kuvuka mpaka kuingia Zambia, Malawi na Msumbiji, majani mekundu ndiyo machanga. Huchipua Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, kwa kuwa mizizi imezama chini sana na shina lina akiba ya maji. Kwa muda mfupi pori zima huwa na rangi ya shaba, ya waridi na ya damu ya mzee, halafu kijani huanza kukolea. Chanzo cha wekundu huo ni kemikali iitwayo anthosianini, ambayo watafiti wanaihusisha na kulikinga jani changa dhidi ya jua kali na wadudu.

Kupiga picha moja nzuri ya majani hayo si kazi ngumu. Kazi ni kuufuata mti uleule tangu matawi yakiwa matupu mpaka yarudi kuwa matupu, na picha zikipangwa pamoja zioneshe ukweli. Hapo kanuni ni moja: kinachobadilika kwenye picha kiwe jani peke yake. Mahali, saa, lenzi na mipangilio ya kamera vibaki vilevile. Vikibadilika navyo, mtazamaji hawezi kujua kama mti ndio uliogeuka au ni mpigapicha.

Walioizingatia kanuni hii kwa ukamilifu ni mtandao wa PhenoCam, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008 na mtafiti Andrew Richardson na wenzake. Kamera hufungwa kwenye minara juu ya miti na kupiga picha kila baada ya nusu saa wakati wa mchana, miaka nenda miaka rudi. Ni kamera za kawaida zilizounganishwa na intaneti. Thamani ya kazi yao imetokana na nidhamu, na jambo la kwanza walilolisimamia ni kuzima urekebishaji wa rangi wa otomatiki.

Sababu yake ni hii. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hukadiria jinsi kitu cheupe kinavyopaswa kuonekana katika mwanga uliopo. Ikielekezwa kwenye msitu uliojaa wekundu, huweza kudhani kwamba mwanga wenyewe ndio mwekundu, ikaupunguza. Shaba hufifia, na rangi uliyoifuata porini hubaki porini. Dawa yake ni kuchagua mpangilio wa mwanga wa jua, au kuandika namba 5,500 kwenye kipimo cha kelvini, na kuuacha hivyo mwaka mzima. Simu nyingi zina sehemu ya mipangilio ya kitaalamu inayoruhusu jambo hilo.

Watafiti hao huipima rangi kwa hesabu rahisi: kiasi cha kijani hugawanywa kwa jumla ya nyekundu, kijani na buluu. Tuseme sehemu ya picha yenye majani yaliyokomaa ina nyekundu 120, kijani 110 na buluu 70. Jumla ni 300, na sehemu ya kijani ni 0.37. Wingu likipita na kupunguza kila kimoja kwa nusu, namba huwa 60, 55 na 35, lakini jibu ni lilelile, 0.37. Mwanga umeshuka, rangi haijaguswa. Jani changa lenye nyekundu 150, kijani 90 na buluu 60 litatoa kijani 0.30 na nyekundu 0.50. Ukichora namba za miombo kwa mwaka, utaona mstari wa nyekundu ukipanda kwanza, kisha wa kijani ukifuata.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kuwaiga. Kule Marekani kamera huelekezwa kaskazini, ili jua likae nyuma yake. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta: jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni, upande wa kusini mwezi Desemba, na mwanzoni mwa Oktoba huwa utosini kabisa, wakati uleule majani mekundu yanapochipua. Kwa hiyo kwetu ni heri kupiga asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, kamera ikitazama magharibi. Jua litahama kidogo kutoka mwezi hadi mwezi, lakini litabaki nyuma ya mpigapicha.

Picha ya karibu ina masharti yake. Jani la mwombo wa aina ya Brachystegia spiciformis lina jozi chache za vijani, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Likiwa changa huning'inia, laini na jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lipige likiwa kati yako na jua, mishipa yote itajitokeza. Angalia grafu ya kila rangi, kwa sababu nyekundu hujaa kabla ya nyingine, na ikishajaa, mishipa hupotea kwenye doa moja la rangi. Punguza mwanga kidogo na uhifadhi faili la RAW. Jani likikomaa huwa gumu na kuakisi anga, hasa baada ya mvua. Hapo kichujio cha polaraiza huondoa mng'ao na kurudisha kijani chake. Upepo nao hauna huruma: kasi ya shata isipungue 1/250 ya sekunde.

Kumbukumbu hizi zina faida kubwa kuliko ukuta wa maonyesho. Wafugaji wa nyuki wa Tabora na Katavi hutegemea maua ya miti hii, na Brachystegia spiciformis huchanua karibu na majira ya majani mapya. Picha zenye tarehe, saa na mahali zinaweza kuonesha mwaka hadi mwaka kama majira hayo yanawahi au yanachelewa. Mwalimu, mfugaji wa nyuki na kijana mwenye simu, kila mmoja achague mti mmoja, apigilie kigingi mahali pa kusimama, aandike mipangilio yake daftarini na asiibadilishe. Septemba ndio mwezi wa kuanza.